Naomba ushauri: XSD 1.1 au Schematron kwa hati za maziwa?

Hamjambo wenzangu. Tunakagua faili za XML (data iliyopangwa kwa vitambulisho) za ushirika wa maziwa hapa Nakuru. Kila rekodi ina elementi za `lita`, moja kwa kila zamu, kisha `jumla`. Masharti yanayonisumbua ni mawili: `jumla` ilingane na lita zote za rekodi, na tarehe ya rekodi iwe ndani ya mwezi ulioandikwa kwenye kichwa cha hati.

XSD ni lugha ya kueleza muundo wa faili za XML (faili yake huitwa skima), na toleo lake la 1.0 haliwezi lolote kati ya hayo. Nimejaribu Schematron (lugha ya kuandika sheria za ukaguzi wa XML) kupitia lxml, maktaba ya Python, lakini inatumia XPath 1.0 (lugha ya kuchagua na kukokotoa sehemu za XML) ambamo namba zote ni dabo, yaani desimali nyingi huhifadhiwa kwa kukadiria: lita 1.1 na 2.2 zinatoa 3.3000000000000003, na rekodi iliyo sahihi kabisa inakataliwa. Mkulima hapaswi kucheleweshewa malipo kwa sababu ya desimali! Kuzidisha kwa 10 kisha `round()` kunasaidia, ila sheria inakuwa ngumu kusomeka.

Kwa Xerces-J (kikaguzi cha XML cha Java) na XSD 1.1, `assert` (sharti linaloandikwa ndani ya skima) ya jumla inafanya kazi vizuri kwa kuwa skima imeshatangaza `xs:decimal`, aina ya desimali kamili. Tatizo ni tarehe: `assert` haioni nje ya elementi yake, kwa hiyo nimeiweka kwenye mzizi (elementi ya juu inayobeba hati nzima), na sasa kosa linaonyesha mzizi badala ya rekodi yenyewe.

Je, nibaki na XSD 1.1 kwa jumla na kuachia Schematron tarehe pekee, au nihamishie sheria zote kwenye Schematron kupitia Saxon-HE (programu ya bure yenye XPath mpya zaidi) na kuandika `xs:decimal()` kila mahali? Na kuna njia ya kupata rekodi yenye kosa bila Schematron?

Asanteni.