Lodi Lucan: tumhukumu kwa Balaklava au kwa Mayo?

Wadau, kila tukijadili Vita vya Crimea, Waingereza na washirika wao dhidi ya Warusi, wanaomtetea George Bingham, Lodi Lucan wa tatu, kamanda wa askari wa farasi wa Uingereza, huja na hoja moja: amri ni amri. Tarehe 25 Oktoba 1854 pale Balaklava, karatasi ya Lodi Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza huko, ilimtaka apeleke askari wa farasi wakamzuie adui asiondoke na mizinga. Mizinga ipi? Alipokuwa Lucan haikuonekana. Kapteni Nolan, aliyeileta amri, alinyoosha mkono tu kuelekea bondeni. Lucan akamwamuru shemeji yake Cardigan, kiongozi wa kikosi cha farasi wepesi, ashambulie, na askari kama 670 wakayakabili makombora ya Warusi. Wapatao 110 walikufa, Nolan akiwa miongoni mwa wa kwanza.

Lawama hiyo naikubali kuwa ya wanne: Raglan, Nolan, Lucan na Cardigan. Ila mjadala hauwezi kuishia hapo.

Lucan, aliyewahi kuwa mbunge wa Mayo, magharibi mwa Ireland, alirithi huko zaidi ya ekari 60,000. Kati ya 1846 na 1849, viazi vimeoza mashambani na watu wanakufa njaa, aliwafukuza watu wapatao 2,000 katika parokia ya Ballinrobe peke yake. Nyumba zao zikabomolewa, vishamba vikaunganishwa kuwa malisho. Nyumba ya maskini ya Castlebar, kimbilio la mwisho la asiye na kitu, ilikuwa chini ya bodi aliyoiongoza yeye, nayo ikawafungia watu mlango. Hapo hapakuwa na Raglan wala karatasi yenye utata. Aliamua mwenyewe, akarudia mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1858 alipendekeza kila baraza la Bunge la Uingereza lijiamulie kiapo chake, na kwa njia hiyo Lionel de Rothschild, Myahudi aliyezuiwa na kiapo cha Kikristo, akaweza kukalia kiti chake cha ubunge. Hilo ni jema, nampa haki yake.

Lakini msiniambie eti makabaila wote walikuwa hivyo. Hukohuko Mayo, kabaila mwingine, George Henry Moore, alipovuna fedha nyingi kwa farasi wake Coranna kwenye mbio za Chester mwaka 1846, sehemu yake aliitumia kuwasaidia wapangaji wake. Sheria ileile, njaa ileile, wilaya ileile. Sheria ilimruhusu Lucan kufukuza, haikumlazimisha. Hata hivyo, mwaka 1887 Lucan akapewa cheo cha Fildi Mashali, cha juu kabisa jeshini.

Anayemtetea anijibu kwanza hilo la Moore, ndipo turudi Balaklava.