Mjadala: Je, taa alindwe kama tunavyomlinda kima?

Wakuu wa Dodoma na kwingineko, hoja yangu ni hii: taa (yule samaki bapa wa baharini) walio hatarini kutoweka walindwe kwa uzito uleule wa kima na nyani. Jirani yangu kanipinga: "Taa ni kitoweo, kima ni mnyamapori." Kisheria ana pa kusimamia. Kima yumo kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, taa kwenye Sheria ya Uvuvi ya 2003, na wizara zote mbili ziko hapahapa Mtumba, Mji wa Serikali.

Kibaiolojia mambo ni mengine. Kima ni mamalia. Taa ni wa kundi moja na papa, kiunzi chake chote ni gegedu, kitu laini kama cha sikio, si mfupa. Perege wa Bwawa la Mtera, kwa kuwa ana mifupa, ana undugu wa karibu zaidi na kima kuliko na taa! Ukoo wa taa uliachana na wa hao wawili zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo kumhesabu taa kama perege ni kosa, na kosa hilo linaumiza zaidi kwenye uzazi. Perege hutaga mayai kwa mamia. Manta, taa mkubwa kuliko wote, hubeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka miwili au zaidi ndipo azae tena. Mnyama wa namna hiyo tunamvua kama dagaa.

Tuangalie Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayoonyesha viumbe walio hatarini kutoweka. Tumbili na nyani wanaomaliza mahindi yetu hawako hatarini. Manta wa bahari kuu yuko hatarini, na papa upanga, ambaye ni wa jamii ya taa, yuko hatarini mno. Sikatai kwamba kuna kima walio pabaya: kipunji, aliyetambuliwa na sayansi 2005, anapatikana Tanzania peke yake, kusini huko Rungwe, Kitulo na Ndundulu.

Kupiga marufuku taa wote siungi mkono. Ng'onda, yaani taa au papa aliyekaushwa, ni chakula na ada ya shule kwa watu wa Pwani. Nasemea manta na papa upanga. Ila kuwaachia wakinaswa huenda kusitoshe: manta hupumua akiwa anaogelea, akinaswa anaweza kufa kabla jarife (wavu mkubwa wa kutega) halijavutwa. Wavuvi wa Kilwa na Mafia mtujuze: kulikagua jarife mara kadhaa usiku kunawezekana, au mafuta ya boti hayaruhusu?