Nilitolewa ovari zote, sasa homoni ya ukuaji ipo juu ila IGF-1 chini. Naombeni ushauri

Mama_Kimya: Wakuu habari za humu. Nina miaka 38, nilitolewa ovari zote na kizazi sababu ya uvimbe. Majoto ya usiku yakanitesa mpaka shuka zinalowa, nikaandikiwa vidonge vya estrojeni, yametulia. Ila mwili umelegea, kitambi kinakuja tu, kupima homoni ya ukuaji ipo juu, IGF-1 (homoni nyingine ya ukuaji inayotengenezwa na ini) imeshuka kuliko kabla ya vidonge. Je nikiongezea homoni ya ukuaji ya sindano kuna shida?

Kobe_Mzee: Pole dada. Shemeji yangu naye walimtoa, siku hizi ukimsalimia tu umekosea, bro kahamia sebuleni na mto wake.

Nuru_Njema: Mungu hakuweka kiungo cha ziada. Tungekuwa tunaomba kwanza kabla ya kukimbilia kisu.

Zamu_ya_Usiku: Uvimbe ulikuwa saratani? Na hiyo sindano nani kakuandikia?

Mama_Kimya: Sio saratani, majibu yalitoka safi. Sindano nauliza tu kwa kujua.

Zamu_ya_Usiku: Dada, unazo au huna?

Mama_Kimya: Haya zipo kwenye friji, kanipa mtu wa jim na nimeshaanza kidogo kidogo. Vidole vinavimba asubuhi mpaka pete haitoki lakini nguvu naiona, msianze kunishambulia.

Fundi_Maneno: Hii chai. Homoni ya ukuaji ndo inaliamuru ini litengeneze IGF-1, sasa moja iwe juu nyingine chini kivipi? Na mara "nauliza tu" mara zipo kwenye friji. Kapike upya.

Nuru_Njema: Hata mimi nilihisi.

Zamu_ya_Usiku: Hapo kwenye vipimo hajadanganya. Kidonge cha estrojeni ukimeza kinaanzia kwenye ini, na ini likipata estrojeni nyingi kwa mkupuo linapunguza kutengeneza IGF-1. Tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo, ikiona IGF-1 ndogo inazidi kumwaga homoni ya ukuaji, ila ini ndo haliitikii vizuri. Hata wanawake wenye upungufu wa kweli wa hiyo homoni, wakiwa wanameza estrojeni wanahitaji dozi kubwa zaidi. Kiraka au jeli ya kupaka inaingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini, IGF-1 haiporomoki hivyo. Halafu hiyo homoni hutoka kwa mawimbi hasa ukiwa usingizini, kipimo kimoja cha mchana hakisemi kitu. Sindano simamisha umwambie daktari wako, kuvimba huko ndo zenyewe, na sukari inaweza kupanda. Ila estrojeni usiache, kwa umri wako mifupa na moyo vinaihitaji mpaka kwenye 51 huko.

Fundi_Maneno: Sawa daktari wa mtandaoni, bado nanusa majani.

Mama_Kimya: Nije kutunga mpaka ovari zangu ili nipate nini? Jeli inachafua nguo na kidonge nishakizoea. Na sindano nimelipia zote, nani atanirudishia hela?

Kobe_Mzee: Kwahiyo mkuu shem akihamia kwenye jeli bro anarudi chumbani?

Zamu_ya_Usiku: Kizazi anacho bado? Kama anacho lazima apewe na projesteroni, homoni ya kulinda ukuta wa kizazi. Aliwahi kuganda damu mguuni?

Kobe_Mzee: Ngoja nimpigie bro.

Mama_Kimya: Jamani uzi ni wangu.