Naomba ushauri: nifuatilieje fedha za kupaua boma la shule yetu?

MamaSaruji: Habari zenu wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) nakata, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 imo, na tangu Julai 2023 kila mfuko wa saruji una kodi ya shilingi 1,000 ndani ya bei. Kulipa silalamiki. Kinachoniuma ni boma la madarasa mawili kijijini kwetu. Tulichanga, tukasomba mawe na mchanga kwa ndoo, kuta zikapanda, tukaambiwa serikali itapaua. Huu mwaka wa tatu, mbuzi wanalala humo. Mwanangu yuko la nne, wanakaa wanne dawati moja. Nikiuliza naambiwa fedha ziko kwenye mchakato. Nianzie wapi bila kuitwa mchochezi?

Kibubu77: Pole dada. Kodi ikishakusanywa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) inaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, inachanganyika na ya wengine wote. Yako huwezi kuifuata, ila boma unaweza. Bajeti ya serikali ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na deni la serikali peke yake lilitengewa zaidi ya trilioni 13. Kwa hiyo kutengewa fedha ni jambo moja, kuzipokea ni lingine. Uliza yote mawili: tulitengewa? Zilitoka?

FundiMstaafu: Niliwahi kuwa kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa shuleni. Hela ikija inaingia akaunti ya shule, na kamati zina wananchi ndani. Bati tulikuwa tunahesabu moja moja zikishushwa, tunaandika daftarini, ndipo tunasaini. Mtafute mjumbe wa kamati kwanza. Halafu mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu: simama, uliza, jibu liingie kwenye muhtasari.

Nyamkumbi: Mkutanoni watapiga chenga. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke bila huo.

MamaSaruji: Asanteni sana, barua naandika usiku huu. Fundi, kama hela haijatoka kabisa, kuta tunaziokoaje? Mvua imeshaanza kula udongo kati ya tofali za juu.

FundiMstaafu: Pigeni ripu ya saruji juu ya mstari wa mwisho wa tofali, maji yasishuke kwenye viungo. Milango zibeni kwa miiba. Fanyeni wiki hii.