Hilo tangazo la komini, tuliulize kabla ya kulituma

*Mama Nadine:* Jambo bajirani. Hii picha ya tangazo la komini la kubomoa vibanda vya barabarani inazunguka tangu asubuhi. Ni ya kweli?

*Papa Kalenga:* Mama, imekatwa juu na chini. Tangazo linakuwa na namba, tarehe, sahihi na kashe (muhuri). Hapa tunaona maneno matupu. Karatasi ya zamani ikikatwa tarehe, inarudi kuwa mpya.

*Ya Serge:* Angalieni pia nani amesaini. Tangazo la burgmestre wetu, mkuu wa komini, ni la Kampemba tu. La meya wa mji ndilo linagusa komini zote 7 za Lubumbashi.

*Mama Nadine:* Sasa tuulize wapi?

*Papa Kalenga:* Kwanza kwa valve za komini, ubao wa matangazo. Atakayeenda apige picha karatasi nzima, kona zote 4. Kama haiko pale, kwa shefu wa kartie (mtaa).

*Mama Béa:* Wakijibu kwa mdomo tu, andikeni. Barua nakala 2: moja inabaki sekretarieti, ya pili wanagonga kashe, wanaweka tarehe na namba ya kuingia. Musimuachie mlinzi wa mlango, yeye hana rejista. Ikipotea hamuna la kuonyesha. Na ulizo liwe moja: "Tangazo hili limetoka kwenu?" Mukichanganya na taka, maji na umeme, barua itazungushwa ofisi kwa ofisi.

*Ya Serge:* Maji ni REGIDESO, umeme ni SNEL. Burgmestre hana karatasi zao.

*Papa Kalenga:* Tusaini wengi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006: Mkongomani, peke yake ao na wenzake, anaweza kuandikia serikali ombi, nayo inajibu ndani ya miezi 3. Hakuna kushtakiwa kwa sababu hiyo. Sasa bila tarehe ya kashe, hiyo miezi 3 mutaihesabu kutoka wapi?

*Mama Béa:* Nakala ingine kwa washauri wa komini. Tuliwapigia kura tarehe 20/12/2023, wamuulize burgmestre.

*Mama Nadine:* Na akija mutu kudai franka juu ya hivyo vibanda?

*Ya Serge:* Mwombe note de perception, karatasi rasmi ya kudai malipo: jina lako, sababu, kiasi. Unalipa benki, unabaki na bordero, risiti ya benki. Pesa ya mkononi, hapana kabisa.

*Papa Kalenga:* Barua naandika leo. Jioni mupite kusaini: jina, namba ya parseli (kiwanja), sahihi kwa kalamu.