Juki ya kiwandani iliyolala miaka sita: mota ya klachi, mota ya sevo, au mashine mpya?

Mshonaji wa Majengo

Assalaam alaykum, mafundi wenzangu. Ami yangu, aliyekuwa akishona kanzu, amenikabidhi cherehani ya kiwandani, Juki DDL-555, pamoja na meza na mota yake. Aliinunua kutoka kwa karakana ya nguo iliyofungwa, kisha ikakaa stoo miaka sita bila kuwashwa, katika nyumba isiyo mbali na bahari. Gurudumu la mkono linazunguka kwa uzito, meno yanayosukuma kitambaa yameshika kutu, na mafuta yaliyobaki kwenye karai la chini yake yamekuwa kama asali iliyoungua. Mimi hushona madera na sare za shule, chumbani kwangu. Nina njia tatu: niifufue na mota yake ya klachi, ile inayozunguka muda wote, nifunge mota ya sevo, inayozunguka ukikanyaga tu, au niuze kichwa hiki, yaani mashine yenyewe bila meza na mota, na kuongezea pesa ninunue mashine mpya ya Kichina yenye mota ndani kwa ndani. Naomba mnilinganishie.

Fundi Mota

Kabla ya ulinganisho wowote, ndugu yangu, inama chini ya meza usome kibati cha mota. Mashine nyingi za viwandani zilifungwa mota za fezi tatu, ilhali nyumba ya kawaida hapa Mombasa ina fezi moja ya volti 240. Mota ya fezi tatu inaweza kulazimishwa kwa kapasita ifanye kazi kwenye fezi moja, lakini hupoteza sehemu ya nguvu zake na hupata joto, kwa hiyo sipendi kuifanya kazi hiyo hata nikilipwa.

Ikiwa ni ya fezi moja, tazama pia mizunguko yake. Mota ya 1,450 kwa dakika yenye puli ya milimita 120, ikivuta gurudumu lenye puli ya milimita 60, itakupa mishono 2,900 kwa dakika, ambayo mshonaji wa sare anaimudu. Mota ya 2,850 kwa puli hizo hizo itakupa 5,700, na kwa kichwa kilicholala miaka sita huko ni kuchimba kaburi lake.

Bi Darizi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi hushona kanzu Mji wa Kale, na nimetumia klachi miaka mingi kabla ya kuhamia sevo. Klachi huzunguka tangu uwashe hadi uzime, hata ukiwa unapiga pasi au unazungumza na mteja, na tokeni zinaliwa huku hushoni kitu. Sevo huzunguka pale tu unapokanyaga, na kasi yake ya juu unaiweka mwenyewe kwa kitufe, jambo lenye faida kubwa kwenye shingo ya kanzu, ambako mshono mmoja ukikosea unaonekana na msikiti mzima. Mguu wa klachi nao haufundishwi kwa siku moja: ukikanyaga kidogo hakuna kitu, ukiongeza kidogo kitambaa kimekwisha kukimbia. Kwa aliye na watoto wanaolala chumba cha pili, sihitaji hata kutaja kelele.

Mzee wa Shato

Bi Darizi amesema kweli, lakini yapo mawili ambayo hayakuguswa, na kwangu mimi ndiyo kiini cha shauri hili.

La kwanza ni mafuta. Kichwa cha Singer 31-15, ambacho wengi wetu tulijifunzia, hutiwa mafuta kwa mkono, tundu baada ya tundu, na kwa sababu hiyo kinakubali hata kuendeshwa kwa miguu polepole. DDL-555 ina pampu inayonyonya mafuta kutoka karai na kuyapandisha hadi shafti ya juu, na pampu hiyo hutegemea kasi ya mashine yenyewe. Ukifunga sevo kisha ukashona siku nzima kwa mishono mia nane kwa dakika, unaweza kuwa na karai lililojaa huku juu kukiwa kukavu. Kuna kidirisha juu ya kichwa: mashine ikienda, uyaone mafuta yakirukaruka humo. Usipoyaona, inua mguu wa mashine unaobana kitambaa, ondoa bobini na uzi, uiendeshe kwa kasi zaidi kwa dakika chache kila asubuhi.

La pili ni kwamba hujui bado kama kichwa ni kizima, nawe unauliza habari za mota! Ondoa mkanda. Mwaga mafuta yale mazito, safisha karai na kichujio cha pampu, kisha tia mafuta ya taa kwa brashi kila palipo na chuma kinachosugua chuma, ukizungusha gurudumu kwa mkono, uache usiku kucha, ufute, urudie. Usilazimishe kwa spana. Fungua bamba la sindano uyasugue meno kwa brashi ya waya, bila msasa mkali, kwa maana ncha zake ndizo zinazosukuma kitambaa. Yakishatoka mafuta yote ya taa, jaza mafuta meupe ya cherehani kati ya alama mbili za karai. Mafuta ya injini ni mazito na yatatia madoa. Mafuta ya nazi, ambayo nimeyakuta kwenye mashine zaidi ya moja hapa Pwani, yaacheni kwenye wali: yakikaa huganda.

Mwisho tazama shato, kile chuma kinachozunguka chini ya bamba na kunasa uzi wa sindano. Ncha yake inapokutana na sindano inapaswa kupita karibu mno bila kuigusa. Ikiwa imekwaruzwa, nunua nyingine kabla ya kununua mota. Sindano iwe DB×1 yenye shina la mviringo, kwa kuwa ile ya cherehani ya nyumbani haiingii.

Fundi Mota

Nakubaliana na mzee kuhusu kasi. Naongeza kwamba sevo ina bodi ya kielektroniki isiyopenda umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Umeme ukipotea, chomoa plagi. Klachi haijali sana.

Mshonaji wa Majengo

Nimerudi baada ya siku tisa. Kibati kinasema fezi tatu, kwa hiyo njia ya kwanza imejifunga yenyewe. Kichwa nilikisafisha mara tatu, na uzito mwingi haukuwa kutu: nyuma ya shato palikuwa na uzi mweusi uliojizungusha hadi ukawa mgumu kama pete. Sasa gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja, na ncha ya shato ni nzima. Nimeamua kufunga sevo ya wati 550. Je, nianze kwa kasi gani, na nitajuaje kama shato linapata mafuta ya kutosha?

Mzee wa Shato

Wiki za kwanza usizidi nusu ya kasi, lakini usishuke hadi kidirisha kikauke. Kwa shato, ondoa bobini na uzi, inua mguu, shika karatasi chini yake kwa sekunde tano huku mashine ikienda, vidole vikiwa mbali. Mstari mwembamba wa mafuta unatosha. Karatasi ikilowa, punguza kwa skrubu ya mafuta kabla hujashika kitambaa cheupe cha mtu. Kisha badilisha mafuta yote baada ya mwezi, kwa sababu yale ya kwanza yatatoka na uchafu uliobaki ndani.

Bi Darizi

Na ukimaliza kazi jioni, ifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni. Nailoni hufungia unyevu wa bahari humo humo.