Mlisema wenyewe hamtaki chipsi siku ya dabi, halafu mnaniletea chipsi sebuleni kwangu!

Wakuu, naandika huku vidole bado vinanuka mkaa. Mods, naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la mapishi. Haya ni malalamiko.

Tupo wanane kwenye kundi letu la WhatsApp, nusu Msimbazi (Simba), nusu Jangwani (Yanga). Tulikubaliana dabi ya Kariakoo tuitazamie kwangu Tabata. Sasa mnielewe: habari za kula kiafya sikuzianzisha mimi. Mmoja kaambiwa na daktari ana presha, mwingine sukari imeanza kupanda, wakashupaa wenyewe: safari hii chipsi mayai marufuku, vitafunwa vya nyumbani tu, kila mtu atume buku tano. Waliotuma ni wawili. Nikanyamaza, nikajazia.

Usiku wa kuamkia mechi nimeloweka dengu. Alfajiri nimezichemsha, nikazianika mpaka zikakauka maji, kisha kikaango kikavu, moto mdogo, nageuza karibu saa nzima na binzari nyembamba na pilipili manga. Ukiacha kugeuza dakika mbili tu, umeunguza. Karanga nimezichambua moja moja, zilizosinyaa na zenye ukungu nikatupa, maana sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Mihogo nimeifuata Buguruni, nikaichemsha kidogo, nikang'oa ule mzizi wa katikati, ikaenda kwenye mkaa. Ndimu na pilipili pembeni. Chumvi nimeweka kiduchu kwa sababu ya huyo mwenye presha, kwani mtu mzima kwa siku nzima anatakiwa asifikishe hata gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubuyu nimeuloweka, nikauchuja, nikautia tende za kusaga badala ya sukari. (Hapo nakiri ulitoka mzito. Lakini mzito wa kunyweka!)

Saa kumi wanaingia. Wa kwanza anachungulia meza, anauliza, "Shemeji kasafiri?" Wa pili: "Kaka, umetuita kwenye mpira au kliniki ya kisukari?" Kicheko nyumba nzima. Mwingine kaonja ubuyu, kauliza kama ni uji wa mgonjwa.

Nikavumilia. Mpira umeanza, mimi niko uani napepea mihogo ya awamu ya pili, nasikia mayowe. Bao! Nakimbia ndani na kipepeo mkononi, nakuta marudio yameshaisha. Bao la timu yangu, wakuu, kwenye runinga yangu, nimelisikia kupitia dirisha la jikoni.

Mapumziko ndipo nilipochoka kabisa. Mlango unagongwa, bodaboda kaleta chipsi mayai sahani tano, kuku wa kukaanga na soda kreti nzima. Walichangishana hapohapo sebuleni, tena kwa dakika tatu! Zile buku tano za wiki nzima zilikuwa zimejificha wapi? Na aliyeagiza ni yuleyule wa sukari. Chupa moja ya soda ile ina karibu gramu 35 za sukari, na kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 50 kwa siku. Yeye kapiga chupa mbili kabla kipindi cha pili hakijafika dakika ya 60. Nilipomwangalia kaniambia, "Mkuu, leo dabi, dozi naanza Jumatatu."

Kinachoniumiza zaidi, chipsi zilipoisha waliigeukia meza yangu kimyakimya. Dengu zikaisha. Karanga zikaisha. Mihogo wakagombania, mtu na mtani wake wanavutana kipande. Sasa ile kejeli ya saa kumi ilikuwa ya nini? Hakuna hata mmoja aliyesema "pole na kazi". Sahani nimeosha peke yangu mpaka saa nne usiku, mafuta ya kuku wao yameganda kwenye zulia.

Dabi ijayo msiniulize. Nakwenda kutazamia kibanda umiza, nalipa kiingilio changu, nanunua karanga za mia tano, natulia.

Na wewe uliyeuliza kuhusu uji wa mgonjwa: uliondoka na hotipoti ya mke wangu imejaa mihogo, eti unawapelekea watoto. Najua umo humu jukwaani, na unasoma. Ni ile ya maua mekundu. Shemeji yako kaiulizia mara tatu tangu asubuhi.